Tochi ya mfukoni ya mtembezi wa milimani: niliyojifunza kati ya Loleza na Rungwe

Watu wanaoanza kutembea milimani huku kwetu Mbeya wanaponiuliza wanunue tochi gani, karibu wote huanza na swali lilelile: inamulika umbali gani? Mimi huwarudishia maswali mawili ambayo huwashangaza kidogo, yaani mwanga wake mdogo kabisa ni mdogo kiasi gani, na betri yake inapatikana wapi. Miaka ya kupanda Loleza alfajiri, kushuka kilele cha Mbeya jioni na kunyeshewa katika msitu wa Rungwe imenifikisha kwenye msimamo huu: tochi ya mfukoni ya mtembezi ichaguliwe kwa kuanzia kwenye mwanga wake hafifu na betri yake, na ule mwanga mkali unaoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi uangaliwe mwisho.

Hata asiyepanga kutembea usiku anahitaji tochi, kwa sababu ya jinsi jua letu linavyozama. Mwezi Juni, hapa Mbeya jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 na nusu jioni, na Desemba hufika karibu saa 1. Kwa kuwa hatuko mbali na Ikweta, jua hushuka moja kwa moja na kutoweka, na kutoka hapo hadi usipoweza tena kutambua jiwe ni lipi na shimo ni lipi haipiti nusu saa. Aliyechelewa kidogo juu ya kilele cha Mbeya, ambacho kinazidi mita 2,800, atakuwa gizani kabla hajafika kwenye miti. Upande wa alfajiri mambo ni hayohayo: wanaotaka kuliona jua likichomoza wakiwa Loleza, mlima unaosimama nyuma ya jiji kwa zaidi ya mita 2,600, huondoka mjini kama saa 10 usiku na kutembea gizani karibu njia nzima. Simu ina tochi, ni kweli, lakini simu hiyohiyo ndiyo ya kupigia na ndiyo yenye ramani, baridi huimaliza chaji haraka, na mkono uliolowa ukiiachia kwenye mwamba umepoteza vyote kwa pamoja.

Sasa, mwanga kiasi gani unatosha? Mwanga unaotoka kwenye tochi hupimwa kwa lumeni, na kwa mtu anayepanda njia anayoiona, hatua baada ya hatua, lumeni 10 hadi 30 zinatosha kabisa mradi macho yameshazoea giza. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Jicho la binadamu huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mmweko mmoja wa mwanga mkali hufuta sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwenye tochi isiyo na mwanga mdogo huishia kutembea ndani ya duara jeupe la mita chache, huku kila kilicho nje ya duara hilo kikiwa ukuta mweusi. Anamulika ramani, karatasi inamrudishia mwanga machoni, kisha anainua kichwa na njia imepotea. Mwenye lumeni chache anaona duara lake, na anaona pia umbo la mlima, mstari wa miti na mahali njia inapokunja. Kwa hiyo ninapoishika tochi mpya huanza kutafuta hatua yake ya chini. Ikiwa hatua ya chini ni lumeni 100, ninairudisha mezani hata kama ya juu ni 2,000.

Tarakimu za kwenye boksi nazo zina kanuni zake, na inafaa kuzijua kabla ya kutoa pesa. Kampuni nyingi zinazojiheshimu hufuata kiwango cha Marekani kiitwacho FL1, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Chini ya kiwango hicho, umbali unaotajwa ni ule ambapo mwanga umepungua hadi kufanana na mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye uwanda. Maana yake, boksi likisema mita 100, pale kwenye mita 100 utaona kwamba kuna kitu, hutatambua kama ni kisiki au ni ng'ombe. Kwa macho yangu, umbali wa kutambua ni nusu ya ulioandikwa au pungufu. Tena umbali haukui sambamba na nguvu, kwani ukitaka kuona mara mbili ya pale ulipokuwa unaona, mwanga wa katikati ya mwale unapaswa kuwa mara 4. Saa za kuwaka zinazotajwa huhesabiwa hadi mwanga uliposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na jambo hili ndilo linalowachanganya watu zaidi. Tochi ndogo ikiwashwa kwa nguvu zote hupata moto, na ili isijiunguze hujipunguza yenyewe baada ya dakika chache. Yale masaa matatu yanayotangazwa kando ya lumeni 1,000 yanaweza kuwa dakika tatu za lumeni 1,000 na muda wote uliobaki wa mwanga ambao ungeweza kuupata kwa tochi ya nusu ya bei. Boksi lisilotaja kiwango chochote, lenye lumeni laki moja kwenye kitu kinachoingia mfukoni, halistahili hata kusomwa hadi mwisho.

Somo la mwanga mkali nililipata vizuri zaidi kwenye ukungu. Misitu ya Rungwe na ya njia ya ziwa Ngozi hushikwa na ukungu mzito, hasa kuanzia Novemba hadi Mei mvua zinaponyesha, na kwenye sehemu za mianzi unyevunyevu hauondoki hata mchana. Jioni moja tulikuwa tunashuka na mzee wa huko anayewaongoza wageni, yeye akiwa mbele na kitochi chake cha simu ya batani, mimi nyuma yake nikiwa nimewasha tochi kwa mwanga wa juu. Mbele yetu hapakuwa na kitu ila pazia jeupe. Mzee alisimama, akasema bila kugeuka, "Mwanangu, zima hiyo, unaninyima njia." Niliishusha hadi hatua ya pili kutoka chini, akanielekeza niishike usawa wa paja, na mizizi ikaanza kuonekana mmojammoja.

Sababu yake si ya ajabu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga linapopigwa. Unavyoongeza nguvu ndivyo unavyojirudishia weupe machoni. Mwanga ukitokea usawa wa jicho, weupe huo hurudi kwenye njia ileile unayotazamia. Ukitokea chini, karibu na goti, hupita chini ya mstari wa macho, na zaidi ya hapo kila jiwe na kila mzizi hutupa kivuli kirefu kinachokuonyesha kimo chake. Kwa sababu hiyo siwezi kuisifu taa ya kichwa kama wengine wanavyoisifu. Ni nzuri kwa kupika na kufunga hema, na anayehitaji mikono yote miwili kwenye mwamba hana budi kuwa nayo, lakini kwenye ukungu wetu wa nyanda za juu huwekwa mahali pabaya kuliko pote, na kwenye njia tambarare huyalaza mawe yote yakaonekana yako sawa. Tochi ya mkononi hushushwa, huinuliwa na kulazwa pembeni.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tochi nyingi za bei rahisi hutoa mweupe wa kuelekea bluu, ambao machoni huonekana mkali, ila hufanya udongo mwekundu, majani makavu na magamba ya mti vifanane. Msituni ninataka kuona siafu kabla sijasimama katikati yao, na msafara wa siafu usiku ni mstari wa kahawia iliyoiva unaokatiza njia ya rangi karibu hiyohiyo. Ninataka pia kumtofautisha kifutu na majani yaliyoanguka, kwa maana nyoka huyo hategemei kukimbia. Hulala palepale njiani akiamini rangi yake itamficha. Mwanga wenye ujoto kidogo, unaoandikwa kelvini 4,000 hadi 5,000, hutofautisha rangi za udongo vizuri kuliko ule wa 6,500, na ukungu wenyewe huonekana kukera kidogo kwa mwanga huo. Ikiwa boksi linataja pia kipimo cha uaminifu wa rangi, 90 ni kizuri sana na 70 ni cha kawaida. Ninakubali kupoteza lumeni kadhaa ili nipate rangi za kweli.

Kuhusu swichi, jaribu ukiwa umevaa glavu. Kwenye uwanda wa Kitulo, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua na ambako ardhi yenyewe iko kama mita 2,600, alfajiri za Juni na Julai nyasi huweza kuwa na barafu nyembamba, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kutafuta kitufe kidogo kilicholala sawa na bati. Swichi ya mkiani hupatikana bila kutazama. Ya ubavuni ni rahisi kwa kubadilisha mwanga, ila iwe imeinuka kidogo au iwe na mikwaruzo ya kuishika. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba tochi iwake kwa mwanga mdogo kwanza, au ikumbuke hatua uliyoiacha. Ile inayoanza na mwanga mkali kila mara huyatia macho upofu wakati unapoyahitaji, na ile ambayo lazima upite kwenye mwako wa kupepesa ili uizime ni kero tupu. Sijui nani alidhani mtembezi anataka disko. Pia iwe na njia ya kufungwa isijiwashe mfukoni. Kwenye nyingi, kulegeza kifuniko cha mkiani robo au nusu mzunguko kunatosha kuukata umeme, na kwa tochi zenye swichi ya kielektroniki kitendo hicho huzuia pia ile chaji kidogo inayoliwa hata zikiwa zimezimwa.

Betri ndiyo sehemu ninayoweza kuizungumzia hadi usiku wa manane, na ndiyo inayoamua kama tochi itakufaa au itakaa droo. Kwa tochi za mfukoni uchaguzi huku ni wa njia mbili. Ya kwanza ni betri ndogo za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo utazikuta Isongole, Uyole, Tukuyu na kwenye karibu kila kiduka kinachouza sabuni na chumvi. Ya pili ni betri ya lithiamu ya kuchaji, ambayo kwa kawaida ni ile iitwayo 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hii ya pili ina nguvu nyingi zaidi kwa ukubwa wake na inalipa kwa anayetembea mara kwa mara, lakini ikiisha ukiwa kijijini hakuna wa kukuuzia nyingine.

Betri za AA zenyewe si za aina moja. Zinazouzwa vijijini nyingi ni za zinki na kaboni, ambazo ni rahisi na nyepesi, na ukizidai umeme mwingi kwa mpigo huzimika mapema. Kwenye mwanga mdogo hata hivyo hufanya kazi yao kwa heshima, na hapo unaona tena kwa nini hatua ya chini ya tochi ina maana. Za alkalaini hudumu zaidi, lakini baridi huzidhoofisha, na zikisahauliwa ndani ya tochi kwa miezi hutoa ute unaokauka kuwa unga mweupe na kula chuma cha mguso. Unga huo huondolewa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha panafutwa na kukaushwa. Za AA za kuchaji huonyesha volti 1.2 badala ya 1.5, jambo linalowatia watu wasiwasi bila sababu, kwa kuwa tochi nzuri huzitumia bila shida. Zipo pia AA za lithiamu zisizochajiwa, nyepesi na zisizoogopa baridi, ila ni ghali na hupatikana kwa shida hata mjini. Mimi hubeba mbili hizo kama akiba ya dharura na kuzifungia ndani ya plastiki.

Ukichagua 18650, jihadhari na maandishi. Iliyo nzuri kati ya zinazouzwa kwa kawaida hubeba chaji ya kama miliampea-saa 2,500 hadi 3,500, hivyo inayojitangaza 9,900 inasema uongo, na hakuna haja ya kubishana na muuzaji juu yake. Njia nyepesi ya kuijua ni mizani: halisi huwa na gramu 45 hadi 50, na nyingi za uongo ni nyepesi mno kwa sababu ndani yake kuna betri ndogo iliyofichwa au hakuna kitu cha maana. Wauza viungo sokoni wana mizani za kutosha kwa kazi hiyo, na hawakatai ukiomba kwa adabu. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa zimeganda kwa baridi ya chini ya sifuri, kwani huharibika ndani kwa ndani. Kwenye kambi ya Kitulo tochi yangu hulala nami ndani ya blanketi, na huichomeka kwenye paawabenki baada ya jua kupanda.

Soketi ya kuchajia inahitaji kujaribiwa palepale dukani. Nyingi siku hizi zina tundu la Type-C, ambalo ni faida kubwa kwa sababu waya ni uleule wa simu, lakini baadhi ya tochi za bei ya chini hukubali tu waya wenye kichwa cha zamani upande wa chaja, na ukichomeka waya wenye Type-C pande zote mbili hazisomi chochote. Tatizo ni kipande kidogo cha umeme ambacho mtengenezaji amekiacha ili kupunguza gharama. Pale Mwanjelwa huwa ninaenda na nyaya zote mbili mfukoni. Ninaomba kuufungua mkia, ninatazama kama nyuzi za parafujo zimekatwa vizuri na kama pete ya mpira ipo, kisha ninajificha chini ya meza ya muuzaji na koti kichwani ili nione mwanga wa chini kwenye giza. Kijana mmoja muuzaji aliniambia, "Mjomba, unanunua tochi au unaoa?" Nilimwambia vyote vinahitaji kutazamwa kabla ya kulipa. Alicheka na kunipunguzia bei kidogo.

Maji si jambo la kulipita upande huu. Miteremko ya Rungwe inayotazama Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hapo koti hulowa hadi mfuko wa ndani. Alama ya IPX4 inamaanisha tochi inastahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na IPX7 inamaanisha inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa mtembezi IPX4 ni ya lazima na IPX7 ni ya kutamani, mradi ujue kwamba alama hiyo hutegemea pete ya mpira iliyo safi na, kwenye tochi nyingi za kuchaji, kizibo cha mpira kilichofungwa vizuri juu ya tundu. Huwa ninaipaka pete mafuta ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya kujipaka siyatumii, kwa sababu yanaweza kuuvimbisha mpira.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. Njia zetu nyingi za milimani huanzia na kuishia kwenye mashamba na nyumba za watu, na mtu anayekatiza mgombani usiku huku akiwamulika wenyeji usoni anaonekana mwizi au mtovu wa adabu, pengine vyote viwili. Ninapokaribia nyumba hushusha mwanga hadi hatua ya chini kabisa, naumulikia miguu yangu mwenyewe ili nionekane ni nani, na kutoa salamu kabla sijafika. Mkubwa akipita hupewa shikamoo yake na mwanga ukiwa chini. Tochi isiyoweza kushuka chini ya lumeni 100 haikuruhusu kuwa mstaarabu.

Ninayoibeba sasa ni ya AA moja, nyepesi, yenye kibanio kinachoishika kwenye mfuko wa shati hata nikiinama, yenye mwanga wa chini wa lumeni 5, wa kati wa 50 na wa juu usiofika 200. Kwa matembezi marefu ya Rungwe naongeza ya 18650, ambayo hukaa begini hadi itakapohitajika kumtafuta mtu au kuona ng'ambo ya korongo. Na kwenye fungu la funguo ninayo ndogo kabisa ya AAA, kwa kuwa katika kila kundi huwa yupo aliyekuja na simu tu, tena yenye chaji ya kubahatisha. Huyo ndiye ninayemkabidhi, kwa sharti kwamba atembee katikati na airudishe tukifika barabarani.